Vijana Wawili na Kinasa Sauti

Katika somo hili tutasoma habari za vijana wawili wa shule ya sekondari katika nchi ya Marekani. Vijana hao walichukua kinasa sauti wakaenda kuwauliza majirani zao habari za kosa kubwa lililotokea mtaani kwao. Kosa lenyewe ni mauaji. Aliyeuawa alikuwa mtoto. Waliomwua walikuwa watoto pia.

Habari hizi ni za kweli, na ni za kusikitisha. Lakini zina mafunzo kwa kila mzazi na kila mwanakijiji. Soma polepole. Kama mnasoma darasani, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuate. Mwisho wa somo kuna maswali na kazi ya kufanya.

Maneno mapya

kinasa sauti – chombo kinachoshika maneno ya mtu ili yasikike tena baadaye
mahojiano – mazungumzo ya kuuliza na kujibu
ushahidi – mambo yanayoonyesha kwamba jambo fulani ni kweli
kukiri – kukubali kwamba umetenda kosa
hukumu – uamuzi unaotolewa na mahakama
wakili – mtu aliyesomea sheria, anayemsemea mwingine mahakamani
majuto – huzuni ya mtu kwa jambo baya alilotenda

1. Mtoto aliyekataa kuiba

Katika mji wa Chicago aliishi mtoto aliyeitwa Eric Morse. Alikuwa na umri wa miaka 5. Wavulana wawili wa mtaani kwao walimtaka awaibie peremende. Mmoja alikuwa na miaka 10, mwingine alikuwa na miaka 11. Eric alikataa kuiba. Wale wavulana wakamwekea chuki.

Tarehe 13 Oktoba 1994 walimpandisha Eric pamoja na kaka yake mwenye miaka 8 hadi ghorofa ya 14 ya jumba moja refu. Huko juu kulikuwa na nyumba isiyo na mpangaji. Ndani ya nyumba hiyo, wale wavulana walimtoa Eric nje ya dirisha. Kaka yake alimshika kwa mikono akijaribu kumvuta ndani. Wale wavulana wakamzuia. Mkono wa Eric ukamponyoka.

Kaka yake akakimbia kushuka ngazi. Alidhani akikimbia sana atafika chini mapema, amdake mdogo wake. Hakuwahi. Eric alikufa.

Habari hizi zilienea Marekani nzima. Magazeti, redio na televisheni zilizitangaza. Watu walishtuka na kukasirika. Wengi waliuliza swali moja: watoto hawa wapewe adhabu gani? Wachache waliuliza swali la pili: imekuwaje hata watoto wa miaka 10 na 11 wakatenda jambo kama hili?

Ndugu msomaji, maswali hayo mawili hayafanani. Swali la kwanza linatazama adhabu. Swali la pili linatafuta chanzo. Jamii inayotaka haki inahitaji kuyauliza yote mawili.

2. Mji na majumba yake

Chicago ni mji mkubwa ulio kando ya Ziwa Michigan, katika jimbo la Illinois. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba mji huo una watu zaidi ya milioni 2 na laki 7.

Katika karne ya 20 Wamarekani weusi wengi walihamia Chicago kutoka majimbo ya kusini. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliowahi kuwa watumwa. Walikimbia umaskini na ubaguzi. Walikuja kutafuta kazi katika viwanda vya chuma na machinjio ya ng'ombe na nguruwe. Lakini Chicago nako walikuta ubaguzi. Katika mitaa mingi hawakuruhusiwa kupanga wala kununua nyumba. Kwa hiyo walisongamana upande wa kusini wa mji.

Mwaka 1941 zilifunguliwa nyumba za serikali za kupangisha kwa ajili ya familia za watu weusi. Nyumba hizo zilipewa jina la mama mmoja mashuhuri, Ida B. Wells.

Ida B. Wells alikuwa nani? Alizaliwa utumwani katika jimbo la Mississippi mwaka 1862. Alikuwa mwalimu, kisha akawa mwandishi wa gazeti. Mwaka 1892, katika mji wa Memphis, kundi la wazungu liliwaua rafiki zake watatu waliokuwa na duka, bila hukumu ya mahakama. Siku zile watu weusi wengi waliuawa hivyo, kisha ikasemwa kwamba walikuwa wahalifu. Ida hakukubali kusikia upande mmoja. Alikwenda mahali mauaji yalipotokea. Aliwauliza watu walioona. Aliandika majina, tarehe na sababu. Akaonyesha kwamba mara nyingi shutuma hizo zilikuwa za uongo. Kwa ajili hiyo ofisi ya gazeti lake ilivunjwa. Yeye akahama, na baadaye akaishi Chicago mpaka alipofariki mwaka 1931. Mwaka 2020, miaka 89 baada ya kifo chake, alipewa heshima ya tuzo ya Pulitzer kwa kazi yake.

Likumbuke jina hilo. Utaona kwamba vijana wetu wawili walifuata nyayo zake, katika mitaa iliyoitwa kwa jina lake.

Mwanzoni nyumba zile zilikuwa nzuri, na wapangaji walijivunia kukaa humo. Baadaye majumba marefu yaliongezwa. Miaka ikapita, matengenezo yakapungua. Lifti ziliharibika. Taa za ngazi zilizimika. Machinjio makubwa ya Chicago yalifungwa mwaka 1971. Kiwanda kikubwa cha chuma cha upande wa kusini kilifungwa mwaka 1992. Kazi zikawa haba. Magenge ya kuuza dawa za kulevya yakaingia. Wapangaji wengine walihama, na nyumba zao zikabaki tupu bila kufungwa vizuri. Ndivyo watoto walivyopata mahali pa kukutania pasipo na mtu mzima wa kuwaangalia. Nyumba aliyoangukia Eric ilikuwa mojawapo ya nyumba tupu za namna hiyo.

3. LeAlan na Lloyd

LeAlan Jones na Lloyd Newman walikuwa marafiki. LeAlan aliishi na bibi na babu yake, karibu na majumba yale. Lloyd aliishi ndani ya majumba yenyewe. Mama yake alikuwa amefariki, akalelewa na dada zake.

Mwaka 1993 mtengenezaji wa vipindi vya redio, David Isay, aliwapa kinasa sauti. Wakati huo LeAlan alikuwa na miaka 13 na Lloyd alikuwa na miaka 14. Kwa siku 10 walirekodi maisha yao ya kila siku: nyumbani, njiani, shuleni. Waliwahoji ndugu zao na jirani zao. Kazi hiyo ikawa kipindi cha redio, na wasikilizaji wengi wa Marekani wakasikia kwa mara ya kwanza sauti ya watoto wa mitaa ile wakijieleza wenyewe.

Eric alipouawa, vijana hawa walikuwa wakikaribia kuwa wanafunzi wakubwa wa sekondari. Mauaji hayo yalitokea kwao. Ngazi zile walizijua. Madirisha yale waliyaona kila siku. Wageni waliandika habari kwa siku chache kisha wakaondoka. LeAlan na Lloyd hawakuwa na mahali pa kuondoka kwenda. Wakaamua kuchukua tena kinasa sauti. Safari hii hawakufanya kazi ya siku 10. Walifanya kazi kwa muda wa mwaka mzima hivi.

4. Kuuliza kila upande

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vijana hawa walikilalia kitanda hicho. Ndiyo maana watu waliwaambia mambo ambayo mgeni hakuambiwa.

Walikwenda kwenye jumba lenyewe. Walizungumza na majirani, wakubwa kwa wadogo. Walizungumza na wakili, ili wajue sheria inasemaje. Walizungumza pia na baba wa mmoja wa wavulana waliotenda kosa. Baba huyo alikuwa gerezani wakati mwanawe alipoua.

Hebu tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Ingekuwa rahisi kumsahau baba huyo. Watu wangesema: mfungwa ana neno gani la kutuambia? Lakini vijana walielewa kwamba ukitaka kujua mti ulikosaje maji, lazima ufike kwenye mizizi. Mkono mmoja haulei mwana. Wavulana hao wawili, mikono ya kuwalea ilikuwa wapi?

Kipindi chao kilitangazwa redioni mwaka 1996. Kilipewa jina la Kiingereza, Remorse, ambalo maana yake ni majuto. Jina hilo ni swali. Nani anapaswa kujuta? Ni watoto waliotenda? Ni wazazi wao? Ni wakubwa walioacha majumba yaharibike? Ni jirani aliyeona mambo yakiharibika akanyamaza? Vijana hawakumpa msikilizaji jibu moja. Walimletea sauti za watu, kisha wakamwacha apime mwenyewe.

Hapa tuwe waangalifu. Kueleza chanzo cha kosa si kulifuta kosa. LeAlan na Lloyd hawakusema kwamba wale wavulana hawana hatia. Eric alikuwa na haki ya kuishi, akanyimwa. Kaka yake alibaki na jeraha moyoni lisiloonekana kwa macho. Lakini mganga anayetibu homa bila kutafuta inatoka wapi, kesho ataitwa tena kwenye nyumba ile ile. Mtu akitafuta chanzo cha uhalifu, anataka usirudi.

5. Mahakama ya watoto

Sasa tutazame upande wa sheria.

Zamani, katika nchi nyingi, mtoto aliyetenda kosa alishtakiwa na kufungwa pamoja na watu wazima. Alilala chumba kimoja na wezi na wauaji. Akitoka, alikuwa amefundishwa uhalifu.

Mji wa Chicago ulikuwa wa kwanza kubadilisha jambo hilo. Akina mama wa mji huo, wakiwemo Julia Lathrop na Lucy Flower, walitembelea magereza wakaona hali ya watoto. Walidai mabadiliko. Mwaka 1899 jimbo la Illinois lilipitisha sheria, na mahakama ya watoto ikafunguliwa Chicago. Ilikuwa mahakama ya kwanza ya aina hiyo duniani. Msingi wake ulikuwa huu: mtoto bado anakua, kwa hiyo anaweza kurekebishwa. Samaki mkunje angali mbichi. Fikra hiyo ilienea katika nchi nyingi.

Miaka 95 baadaye, katika mji huo huo, kifo cha Eric kiliijaribu fikra hiyo. Wakati Eric anauawa, mtoto aliye chini ya miaka 13 hakuweza kupelekwa katika gereza la watoto la Illinois. Baada ya kifo chake, sheria ilibadilishwa ili hata mtoto wa miaka 10 aweze kupelekwa huko.

Kesi ilipofika mwisho, hakimu alikuwa na uamuzi mgumu. Je, wavulana hao wapelekwe mahali pa matibabu na malezi, au gerezani? Januari 1996 hakimu aliamuru wapelekwe katika gereza la watoto. Wakati huo walikuwa wametimiza miaka 12 na 13.

Watu hawakukubaliana. Wengine walisema hukumu ni ya haki, kwa sababu uhai wa mtoto umepotea. Wengine walisema gereza halimfundishi mtoto wa miaka 12 kuwa mtu mwema. Ndugu msomaji, hili si swali jepesi. Usijibu haraka. Mjadiliane darasani.

6. Kukiri peke yake hakutoshi

Miaka minne baada ya kifo cha Eric, Chicago ilipata fundisho jingine. Mwaka 1998 msichana wa miaka 11 aliuawa. Polisi waliwakamata wavulana wawili. Mmoja alikuwa na miaka 7, mwingine 8. Polisi walisema kwamba watoto hao wamekiri. Watu wengi waliamini, kwa sababu walikuwa bado wanakumbuka habari za Eric.

Kisha uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba aliyemwumiza msichana huyo alikuwa mwanamume mtu mzima. Mashtaka ya watoto yakafutwa mwaka huo huo. Baadaye mtu mzima alishtakiwa, na mwaka 2006 akakiri kosa mahakamani.

Kwa nini mtoto akiri jambo ambalo hakulitenda? Mtoto huogopa. Mtoto hutaka kumfurahisha mkubwa anayemwuliza. Mtoto akiambiwa, "Sema ndiyo, kisha utarudi nyumbani," huweza kusema ndiyo. Ndiyo maana neno la kukiri lazima lipimwe kwa ushahidi mwingine. Mwaka 2021 jimbo la Illinois lilipitisha sheria inayowakataza polisi kumdanganya mtoto wakati wa kumhoji.

Fundisho hili ni la kila mahali. Kelele za watu wengi si ushahidi. Hasira si ushahidi. Hata kisa cha jana si ushahidi wa kesi ya leo.

7. Matunda ya kazi ya vijana

Kipindi cha LeAlan na Lloyd kilipewa tuzo ya Peabody, ambayo ni tuzo kubwa ya vipindi vya redio na televisheni. Mwaka 1997 mahojiano yao yalichapishwa kuwa kitabu, wakishirikiana na David Isay. Picha za kitabu hicho zilipigwa na kijana mwingine wa mitaa ile, John Brooks.

Mwaka 2003 David Isay alianzisha mradi uitwao StoryCorps. Katika mradi huo watu wa kawaida huhojiana wao kwa wao: mtoto na mama, mjukuu na babu, jirani na jirani. Sauti zao huhifadhiwa katika maktaba kuu ya taifa la Marekani.

LeAlan alipokuwa mtu mzima, mwaka 2010 aligombea kiti cha jimbo la Illinois katika Baraza la Seneti. Hakushinda, lakini aliendelea kujulikana kama mtetezi wa mitaa yao. Lloyd alifariki Desemba 2022.

Na yale majumba je? Yalibomolewa kidogo kidogo kati ya mwaka 2002 na 2011. Leo huwezi kuona dirisha lile. Ngazi alizoshuka kaka yake Eric hazipo tena. Lakini sauti za watu waliokaa humo zipo, kwa sababu vijana wawili waliuliza, wakasikiliza, wakahifadhi.

8. Namna ya kufanya mahojiano

Huhitaji kinasa sauti cha bei kubwa. Daftari na kalamu vinatosha. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Basi unayo silaha ile ile aliyokuwa nayo Ida B. Wells. Fuata hatua hizi:

(a) Chagua jambo moja. Kwa mfano: "Zamani kijiji chetu kilimalizaje ugomvi wa mashamba?" au "Wizi wa mifugo ulipunguaje hapa?"

(b) Jitambulishe na uombe ruhusa. Mweleze mtu kwa nini unauliza na utayafanyia nini maneno yake. Akikataa, mshukuru na uende. Usimlazimishe.

(c) Anza na maswali mepesi. Muulize kazi yake, miaka aliyokaa hapo, jamaa zake. Mtu akizoea, atafunguka.

(d) Usiulize maswali ya "ndiyo" au "siyo" tu. Badala ya kuuliza, "Je, uliogopa?" uliza, "Ilikuwaje siku hiyo?"

(e) Sikiliza. Usimkatize. Akinyamaza, ngoja kidogo. Mara nyingi neno kubwa huja baada ya kimya.

(f) Tenganisha aliyoyaona na aliyoyasikia. Uliza, "Uliona wewe mwenyewe, au uliambiwa?" Katika daftari, andika kila jambo mahali pake.

(g) Nenda upande wa pili. Ukimhoji aliyeibiwa, jaribu kumhoji na aliyewahi kufungwa kwa wizi. Mwulize mzee wa baraza na kijana. Mwulize mwanamume na mwanamke.

(h) Msomee uliyoyaandika. Kama umekosea, atasahihisha. Maneno ni mali yake.

(i) Linda jina lake. Kama maneno yake yanaweza kumletea hatari au aibu, usiandike jina.

Kuna mambo mawili ya kujihadhari. La kwanza, kama kesi iko mahakamani, usiende kuwahoji mashahidi wake. Unaweza kuharibu kesi. La pili, kama mtoto anakuambia kwamba anaumizwa sasa hivi, acha mahojiano. Hiyo si hadithi ya kuandika tu. Peleka habari mara moja kwa ofisa wa ustawi wa jamii, kwa polisi au kwa viongozi wa kijiji.

9. Sheria yetu inasemaje?

Msomaji atauliza: na kwetu je? Ile fikra ya mahakama ya watoto ilifika hata hapa. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Ilianzisha Mahakama ya Watoto, na inasema kwamba mtoto asihukumiwe kifungo cha gerezani. Mahakama inaweza kumpeleka katika shule ya maadilisho. Mojawapo ya shule hizo ni ile ya Irambo, mkoani Mbeya.

Basi mtoto wa kijijini akituhumiwa wizi wa kuku, kumpiga au kumfunga kamba si haki, na si kazi ya wanakijiji. Mzazi wake aitwe. Viongozi waelezwe. Sheria ifuate njia yake. Hasira za dakika moja zinaweza kumwondolea mtoto uhai, na uhai ukienda haurudi. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.

10. Maswali ya ufahamu

1. Eric alikuwa na umri gani? Alikataa kufanya nini?
2. Kwa nini majumba yale yaliharibika? Taja sababu tatu.
3. Ida B. Wells alifanya nini baada ya rafiki zake kuuawa?
4. Kwa nini majirani waliwaeleza LeAlan na Lloyd mambo ambayo hawakuwaeleza wageni?
5. Mahakama ya kwanza ya watoto duniani ilifunguliwa wapi? Mwaka gani?
6. Kwa nini mtoto huweza kukiri kosa ambalo hakulitenda?

Zoezi la kuandika

Jaza mahali palipo wazi kwa neno linalofaa: ushahidi, hukumu, mahojiano, wakili.

1. Hakimu alisoma ............ baada ya kusikiliza pande zote.
2. ............ alimsemea mtoto mahakamani.
3. Uvumi wa sokoni si ............
4. Tulifanya ............ na bibi mwenye umri wa miaka 80.

Mazungumzo ya darasa

1. Kama wewe ungekuwa hakimu wa kesi ya Eric, ungewapeleka wale wavulana wapi? Toa sababu. Kisha msikilize mwenzako asiyekubaliana nawe, na urudie maneno yake kabla ya kumjibu.
2. Katika kijiji chenu kuna mahali ambapo watoto hukutana bila mtu mzima wa kuwaangalia? Mnaweza kufanya nini juu yake wiki hii?

Kazi ya kikundi

Gawanyikeni watu watatu watatu. Mmoja aulize, mmoja aandike, mmoja asikilize kama maswali ni mazuri. Chagueni mzee mmoja wa kijiji na mumwulize alivyoona ugomvi mmoja mkubwa wa zamani ulivyosuluhishwa. Msomeeni mlichoandika. Kisha leteni daftari darasani. Mwalimu atakusanya habari hizo ziwe kijitabu cha kijiji, na nakala moja ikae katika maktaba ya kijiji ili watoto wenu nao waisome.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Somo lijalo tutasoma namna ya kuandika barua kwa baraza la kijiji.